Bomba Lililopoa Katikati

Kabla ya saa mbili asubuhi Kumi na Nne alikuwa ameshakwenda kwenye geti la karakana mara sita, na mara zote sita alilikuta geti liko palepale alipoliacha. Mashine ya kukodi ilikuwa bado. Alirudi ndani, akashika grenda, akaiweka chini, akahesabu vijiti vya kuchomelea ambavyo alikuwa amekwisha kuvihesabu, akapapasa mfuko wa kifuani kuhakikisha muhuri wake upo, kisha akaenda getini mara ya saba.

Muhuri huo ndio uliompa jina. Ulikuwa kipande cha chuma kigumu, urefu wa kidole, na mwishoni pamechongwa namba 14. Kila fundi wa kuchomelea mabomba ya mvuke hupewa wake na mkaguzi. Akimaliza kiungo anauweka juu ya chuma, anaugonga kwa nyundo mara moja, na namba inabaki pale milele, ili siku ya lawama mtu asipate taabu ya kuuliza. Siku ya sifa haijawahi kufika, lakini namba ingefaa hiyo pia. Wenzake wakaanza kumwita Kumi na Nne. Mama yake alipinga jina hilo siku mbili nzima; siku ya tatu akasikika akiita kutoka jikoni, "Kumi na Nne, chai inapoa!" Basi, ikawa imepita.

Sasa jina lenyewe lilikuwa hatarini. Bomba la kiwanda cha karatasi lilikuwa limelala katikati ya karakana, nene kuliko kiuno cha mtu mzima, kuta zake unene wa vidole vinne. Chuma cha namna hiyo hakitaki kuchomelewa kikiwa baridi. Kinataka kipashwe joto kwanza, nyuzi mia mbili, pande zote sawasawa, kisha kiachwe kipoe polepole kama mgonjwa anayetolewa hospitali. Kumi na Nne alikuwa amekichomelea mara mbili, na mara mbili kilikuwa kimepashwa kwa moto wa gesi: huku kunaungua, kule kunapiga miayo. Mara mbili, asubuhi yake, wakiwa wanakunywa chai, kilikuwa kimesema *ti*. Sauti ndogo tu, kama ukucha kwenye kikombe. Huo ndio ufa.

Mkaguzi, mtu mwembamba anayeongea kana kwamba maneno anagawiwa kwa kadi, alikuwa ametazama ufa wa pili na kusema, "Wa tatu ndio mwisho. Ukipasuka, bomba linakatwa. Na muhuri narudi nao." Alisema kwa sauti ileile aliyoombea maji ya kunywa.

Ndiyo maana ikakodiwa mashine. Haina moto hata kidogo. Unazungusha kebo nene kwenye bomba, kama kamba kwenye kigurudumu. Umeme unapita ndani ya kebo, na chuma chenyewe kinapata joto kutoka ndani ya mwili wake, kimyakimya, kama mtu anayekumbuka tusi. Imekodiwa kwa siku moja. Saa kumi alasiri inarudi kwao.

Ingekuwa kazi rahisi kama karakana isingekuwa vitani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mzito, kwa hiyo yafaa uelezwe kwa heshima zote. Karakana ilikuwa ya watu wawili, Baba na Mjomba, yaani baba yake Kumi na Nne na kaka wa mama yake. Wiki tatu nyuma Baba alikwenda kung'olewa jino. Alipokuwa huko, Mjomba alilihamisha jiliwa, lile taya kubwa la chuma linalobana vitu mezani, akalisogeza hatua nne karibu na dirisha, penye mwanga. Baba akarudi na shavu limevimba. Siku hiyo hakuweza kusema neno. Siku ya pili uvimbe ulipotea, na Baba akagundua kwamba bado hana neno la kumwambia shemeji yake. Tangu hapo palikuwa na mstari wa chaki sakafuni, umetoka mlangoni, umepanda juu ya kopo la taka, umeteremka upande wa pili, umekwenda mpaka ukutani. Kushoto kwa Baba, kulia kwa Mjomba. Mawasiliano yalipita kwa Kumi na Nne.

"Mwambie mjomba wako amekalia glavu zangu."

"Mjomba, umekalia glavu za Baba."

"Mwambie baba yako najua."

Bomba nalo lililazwa kwa haki: kiungo juu ya mstari kabisa, nusu moja kwa Baba, nusu nyingine kwa Mjomba. Hakuna aliyepunjwa hata kidole.

Mashine ilifika saa mbili na dakika ishirini, nyuma ya pikapu, imefungwa kamba kama mwizi. Dereva alishuka na ubao wa karatasi mkononi, akasalimia kila mtu kwa zamu yake, akawaamkia wazee, akaomba saini nne.

"Na fundi wenu yuko wapi?" Kumi na Nne aliuliza.

"Fundi yuko kazi nyingine, dada. Mimi ni wa kupakia na kupakua. Lakini ameacha kitabu." Akatoa kijitabu kilichochakaa. "Kina picha."

Picha zilikuwepo kweli. Katika ukurasa wa tatu walichorwa mafundi wawili wamesimama kila mmoja upande wake wa bomba, nyuso zinaelekeana, kila mmoja anarusha kebo juu ya bomba kwenda mbele yake. Baba alivaa miwani, akaichungulia picha ile muda mrefu.

"Wanatazamana kama wachumba," alisema, akakifunga kitabu.

"Mwambie baba yako kwa hilo tumekubaliana," alisema Mjomba kutoka upande wa dirishani.

Kumi na Nne alitaka kuzungusha kebo mwenyewe, wakamkatalia kwa pamoja, japo kila mmoja kwa sentensi yake. "Wewe tunza mikono, binti yangu." "Mpwa wangu, ukishika hii kebo, mikono itatetemeka mpaka jioni." Kebo ilikuwa nzito kweli, ina maji yanayozunguka ndani ili isiungue. Basi akaenda upande wa pili wa karakana kunoa patasi zake za kusafishia chuma na kuwaondokea njiani, na wazee wakalivika bomba mablanketi ya kuzuia joto, wakaweka katikati ya kebo kwenye kiungo, wakaanza: Baba kwenda kushoto, Mjomba kwenda kulia. Ili wasionane, wote wawili walisimama upande mmoja, ule wa mlangoni, kama picha mbili zilizotundikwa ukuta mmoja: ni majirani, na hazijapata kuonana. Kila mmoja akarusha kebo juu kwenda mbele yake, akaivuta chini, akairusha tena. Walimaliza sawa. Kila mmoja alihesabu mizunguko ya mwenzake kwa jicho la pembeni, na hakuna aliyezidiwa.

Kumi na Nne akafunga waya wa kupima joto pale kwenye kiungo, akabonyeza kitufe. Mashine ikaguna. Kwenye kioo ikaandika ishirini na sita.

"Saa moja tu," alisema Dereva, akijilaza kwenye pikapu. "Juzi kuna watu walipasha bomba hivihivi, walikuja kushtuka limeiva."

Kumi na Nne hakuketi. Alizunguka bomba. Alizunguka mashine. Thelathini na moja. Alikwenda dirishani, akatazama jiliwa, akarudi. Thelathini na nne. Alifagia mahali palipofagiwa. Aliutoa muhuri mfukoni, akaugeuza, akaurudisha. Arobaini. Saa nne ikafika, ikapita bila kumwaga hata jasho. Arobaini na nane.

"Dereva! Hii mashine yenu ni nzima?"

"Nzima, dada. Sikia inavyoguna."

"Hata baba yangu anaguna, na hapashi kitu."

"Nimesikia hilo," alisema Baba.

Saa nne na nusu kioo kilisema hamsini na tano, na Kumi na Nne akaanza kusikia harufu ya rangi inayoungua. Alinusa kushoto. Alinusa kulia. Alichukua chaki ya joto, ile ambayo huandika kwenye chuma cha baridi lakini huyeyuka chuma kikifika nyuzi mia mbili, akainua pembe ya blanketi upande wa Baba, akaigusisha. Ikayeyuka pale pale, ikatiririka. Akakimbia upande wa Mjomba, akainua blanketi, akagusisha. Ikayeyuka. Akaja katikati, kwenye kiungo, mahali anapotakiwa kuchomelea. Chaki ikaandika vizuri kabisa, mstari mweupe, mkavu, kama ubaoni siku ya kufungua shule.

"Zima!" alipiga kelele. Mwenye kuzima alikuwa yeye mwenyewe, akazima.

Akashika kebo inapotoka kwenye mashine, akaifuata kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Kwa Baba kebo ilipanda kutoka upande wa nyuma, ikaja juu, ikashuka upande wa mlangoni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kwenye kiungo. Hapo ikapiga kona kali, kama mtu aliyekutana na mdai wake, ikageuka ilikotoka. Kwa Mjomba ikapanda kutoka mlangoni na kushuka nyuma. Nusu ya kwanza ilikuwa inazunguka huku, nusu ya pili inazunguka kule. Umeme ulikuwa unasukuma kwa Baba, unasukuma kwa Mjomba, na pale katikati misukumo miwili inakutana na kuuana. Akakumbuka ile picha ya wachumba. Wangesimama wanatazamana, kila mmoja akarusha kebo mbele yake vilevile, ingezunguka njia moja mwanzo hadi mwisho.

"Nani alisimama wapi mlipokuwa mnazungusha?"

"Mimi hapa," alisema Baba.

"Na mimi hapo," alisema Mjomba.

"Wote upande huu."

"Ulitaka tusimame wapi?"

Ilikuwa saa tano kasorobo. Kumi na Nne alihesabu haraka: kufungua na kuzungusha upya, saa moja. Kupasha, saa moja. Kuchomelea, saa mbili na nusu akienda mbio. Kisha joto lishikiliwe saa moja na nusu tena baada ya kuchomelea, la sivyo ufa. Haikutosha. Ilizidi saa kumi, na ilizidi vibaya.

"Fungueni," alisema. "Mnaizungusha upya. Na safari hii, Baba, tafadhali pita upande wa nyuma. Msimame mnatazamana."

Baba aliisogeza miwani mpaka ncha ya pua.

"Binti yangu," alisema Baba polepole, "mimi siwezi kufanya kazi nzito huku naangalia sura ile."

"Mwambie sura hii ndiyo aliyoipigia magoti akimtaka dada yangu."

"Mwambie nilimpigia magoti dada yake. Yeye alikuwa amesimama mbele tu, kama kawaida yake."

Kumi na Nne aliutoa muhuri, akauweka juu ya kiungo, juu ya ule mstari mweupe wa chaki.

"Tazameni," alisema. "Kwa Baba rangi imeungua. Kwa Mjomba rangi imeungua. Penye baridi ni hapa tu, na hapa ndipo ninapochomelea mimi. Likipasuka tena, mkaguzi anaondoka na hiki. Sasa niambieni, mtaniitaje?"

Mjomba alijikuna shingo. Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, kisha akazunguka mwisho wa bomba kwa hatua ndogondogo za mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, akasimama upande wa nyuma, akainua macho. Mbele yake palikuwa na shemeji yake.

"Una mvi," alisema Baba. Hakumwambia mtu mahsusi.

Wakafungua, wakaanza upya. Ule mzunguko wa kwanza pale kwenye kiungo ulikuwa mgumu kuliko yote, kwa sababu mmoja hana budi kukaza huku mwenzake anavuta. Kebo ikateleza. Baba akaidaka.

"Shika," alisema.

Hakusema *mwambie ashike*. Alisema "shika" tu, neno moja, likapita juu ya bomba bila kupitia kwa mtu.

"Nimeshika," alisema Mjomba.

Kumi na Nne aligeukia ukuta, akajifanya anatafuta glavu, kama mtu ambaye ndege ametua karibu naye na hataki kumtisha.

Saa sita kasoro dakika kumi alibonyeza kitufe. Thelathini. Hamsini na mbili. Themanini. Namba zilipanda kama wanafunzi wanaokimbilia chakula. Kabla ya saa saba kioo kilisema mia mbili, na chaki ikayeyuka kwa Baba, kwa Mjomba na katikati, kama pipi ulimini. Kumi na Nne alishusha kinyago usoni, akachoma kijiti cha kwanza.

Hakula. Mama alikuwa ametuma chakula cha wazee katika bakuli moja na vijiko viwili, makusudi kabisa, na wao walikila wakiwa wamesimama, mmoja akimaliza tonge mwenzake anaanza. Kumi na Nne alichomelea tabaka juu ya tabaka, anagonga, anasugua, anapima joto, anaendelea. Jasho lilimwingia machoni. Goti lilimfia ganzi akabadilisha goti. Kila alipobadilisha kijiti alitega sikio, ingawa alijua fika kwamba ufa haumlilii mtu mapema hivyo. Husubiri aanze kupumua. Saa tisa na dakika thelathini na tano aliinua kinyago. Kiungo kilikuwa kimejaa, kimelala sawasawa kama mahindi kwenye gunzi.

"Hongera, dada," alisema Dereva. Alikuwa ameshavaa viatu. "Saa kumi naichomoa."

"Kaka yangu, inatakiwa iendelee mpaka saa kumi na moja. Ikizimwa sasa, chuma kinapoa ghafla, kinapasuka."

"Dada, mimi nimesainiwa saa kumi. Saini nne."

Alimsihi. Alimweleza juu ya mkaguzi na muhuri. Dereva alisikitika kwa dhati, akatazama saa yake kwa dhati vilevile. Ilipofika saa kumi kasoro dakika tano alianza kukunja kamba zake.

Ndipo Baba alipokohoa.

"Mwambie mjomba wako," alisema kwa sauti kubwa, "kwamba kebo tumemaliza, sasa tuzungumze juu ya jiliwa."

"Mwambie baba yako jiliwa liko mahali pake."

"Mahali pake ni pale! Hatua nne!"

"Tatu na nusu!"

"Basi aamue mtu baki," alisema Baba, akamgeukia Dereva. "Kijana, wewe si wa upande wowote. Utatuamulia?"

"Mimi, mzee wangu? Mimi nina..."

"Wiki tatu karakana hii haina amani," alisema Mjomba, akimletea ndoo na kuipindua ili akalie. "Wiki tatu, kijana. Na wewe una sura ya haki. Nilikuambia mwanzo, mpwa wangu, sikukuambia? Huyu ana sura ya haki."

Hakuwa amesema hivyo. Lakini ni nani anayeambiwa ana sura ya haki, akasimama akaondoka? Dereva aliketi. Baba alipima hatua nne. Mjomba alidai hatua za Baba ni fupi kwa sababu ya umri. Zikapimwa upya kwa hatua za Dereva, zikawa tatu na robo, pande zote mbili zikapinga. Mjomba aliomba mahakama itazame mwanga wa dirishani. Mahakama ilitazama. Baba alidai kwamba siku ya tukio alikuwa mgonjwa asiyejiweza, akatoa kibiriti mfukoni, akakifungua, na ndani yake lilikuwemo jino.

"Hiki ni kielelezo," alisema.

Dereva alilishika jino, akaligeuza kwenye mwanga, akauliza maswali ya busara kuhusu tundu lake. Nyuma yao mashine iliendelea kuguna. Kumi na Nne alisimama kando yake, macho kwenye kioo, hathubutu hata kupiga chafya.

"Nimewasikia pande zote mbili," alisema Dereva hatimaye, akisafisha koo kama jaji. "Kwa maoni yangu..." Akainua mkono kuonyesha dirisha, na saa ikamtazama usoni. "Lo! Saa kumi na moja na robo!"

Kumi na Nne alikuwa ameshazima. Waliikunja kebo kwa mbio, wakaipakia, na pikapu ikatoka getini ikipiga honi za hasira, hukumu haijasomwa. Bomba liliachwa limefunikwa mablanketi ya karakana tabaka tatu.

"Mlipanga?" Kumi na Nne aliuliza.

"Nipange na nani?" alisema Baba. "Mimi siongei naye."

Mkaguzi alisema atakuja baada ya siku mbili, na siku mbili hizo zilikuwa ndefu kama muhula. Kumi na Nne alishtuka kijiko kilipogusa sahani. Alishtuka bawaba ya geti ilipolia. Alimkataza Mjomba kupiga nyundo, akamkataza Baba kupiga kiko chake mezani, na alipowakuta wote wawili wameinama masikio yakiwa karibu na bomba, kila mmoja kwenye nusu yake, waliinuka wakasema walikuwa wanatafuta skrubu.

Mkaguzi akaja na mkoba. Alivua blanketi, akapaka mafuta mazito kwenye kiungo, akapitisha kifaa chake cha kusikilizia chuma, kidogo kama sabuni, macho kwenye kioo chenye mistari. Alizunguka bomba mara moja. Akazunguka mara ya pili. Mara ya tatu alisimama mahali fulani, akarudi nyuma kidogo, akasimama tena, na Kumi na Nne akahisi muhuri umekuwa mzito mfukoni kama nyundo nzima. Mkaguzi alipangusa mafuta, akatazama kwa karibu.

"Nzi," alisema, akampeperusha.

Akafunga mkoba wake.

"Gonga."

Kumi na Nne aliweka muhuri juu ya kiungo, akainua nyundo, akagonga mara moja. Chuma kikasema *ti*, na Baba, Mjomba na Kumi na Nne mwenyewe wakaruka kwa pamoja, mikono vifuani.

Mkaguzi aliwatazama mmoja mmoja, akaandika namba kwenye karatasi yake, akaondoka bila kuuliza.

"Mwambie mjomba wako," alisema Baba alipopata pumzi, "mtu mzima haruki hivyo."

"Mwambie baba yako yeye ndiye aliyetangulia."

Kumi na Nne hakumwambia mtu. Alipitisha kidole juu ya namba, mara ya kwanza, mara ya pili, akaenda getini kutazama kama mkaguzi ameondoka kweli, akarudi, akaipitishia kidole tena.